Aliyeandikiwa Kushindwa Hajashindwa

Katika vyumba vya PlayStation vya Katuba, Kenya na Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, kuna hukumu inayotolewa kila jioni, na haina rufaa. Kijana ameshika maneti ya kuchezea, anapigana na adui ambaye nguvu zake hazipungui, anaanguka. Anangoja mchezo umrudishe mwanzo wa pambano ili ajaribu tena, lakini haumrudishi. Hadithi inaendelea: shujaa wake amekatwa mkono, au amefungwa, au amekufa kabisa. Nyuma yake, kwenye benchi, mtu anasema, "Ule ni ero gani? Kila saa banamupiga tu!" Benchi zima linaitikia. Kesi imekwisha, mhusika ni mtu wa bure.

Napinga hukumu hiyo kwa moyo wangu wote. Ningeinyamazia kama ingebaki ndani ya chumba kile, lakini kijana anayejifunza kupima watu kwa kipimo hicho hakiachi mlangoni anapotoka. Anatembea nacho mjini, na mji wetu una watu wengi mno ambao mwisho wao uliandikwa na mikono ya wengine.

Mtu huitwa mshindwa pale tu palipokuwa na njia ya kushinda. Aliiona akaiacha, au aliipoteza kwa uvivu, kwa woga, kwa kiburi. Mwanafunzi aliyefeli mtihani ambao majibu yake yalikuwa ndani ya daftari lake, huyo amefeli, na baba yake ana haki ya kukasirika. Lakini mwanafunzi aliyewekewa karatasi ambayo kila jibu lake limekwisha kuandikiwa alama ya kosa kabla hajashika kalamu, sifuri yake inatueleza nini juu yake? Inatueleza habari za aliyetunga mtihani.

Kwenye mchezo wa video jambo hili halihitaji hata kubishaniwa, maana limo ndani ya programu yenyewe. Watengenezaji wameagiza kwamba damu ya adui huyu isishuke chini ya kiwango fulani, au kwamba ikishuka, ianze filamu fupi, na ndani ya filamu hiyo shujaa aanguke. Vidole vya bingwa wa Haut-Katanga nzima havibadilishi hata herufi moja ya maagizo hayo. Anayemlaumu mhusika hapo anamlaumu kwa kutofanya jambo ambalo halikuwekwa duniani mwake.

Najua imani hii imetoka wapi. Michezo inayotawala vyumba vyetu ni ya mpira: watu wawili, maneti mbili, dakika zilezile, mabao sifuri kwa sifuri. Hapo ukifungwa umefungwa wewe, na pesa ya kipindi kinachofuata unalipa wewe. Ni kipimo cha haki kabisa kwa mchezo wa namna ile. Kosa linaanza mtu anapofungua mchezo wa hadithi akabaki na macho ya mechi. Anahesabu: alipigana mara ngapi, akaanguka mara ngapi. Haulizi kama mlango wa pili ulikuwapo.

Na hata kwenye mpira wenyewe, watu wa Lubumbashi hawahukumu hivyo. Tarehe 18 Desemba 2010, pale Abu Dhabi, TP Mazembe ilifungwa 3-0 na Inter ya Milan katika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Mabao ya Pandev na Eto'o yaliingia mapema, Biabiany akamalizia dakika za mwisho. Ile haikuwa hadithi iliyofungwa. Ilikuwa mechi iliyo wazi, na kushinda kuliwezekana, kwa sababu siku nne kabla yake timu hiyohiyo iliwapiga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile. Kunguru wetu walishindwa kwa haki, mchana kweupe. Lakini nioneshe mtu wa Kamalondo anayesema kipa Kidiaba na wenzake walikuwa watu wa bure! Hakuna. Kila mtu hapa anajua kutazama njia nzima waliyopita, wapi walitoka na mbele ya nani walisimama. Basi ni jambo la ajabu kwamba tunawaheshimu walioshindwa pale ambapo kushinda kuliwezekana, halafu tunamdharau aliyeshindwa pale ambapo hakukuwezekana.

Sasa tuitazame michezo yenyewe.

Sekiro, iliyotengenezwa na FromSoftware, ya mwaka 2019, inaanza na shinobi anayemtorosha bwana wake mdogo, Kuro, kutoka ngomeni. Kwenye uwanja wa nyasi ndefu, chini ya mwezi, anamkuta Genichiro Ashina. Wachezaji wengi wanashindwa pale, na Genichiro anamkata shinobi mkono wa kushoto. Wachache wenye vidole vyepesi wanamshinda. Wanapata nini? Mtu aliyejificha anarusha chuma, shinobi anageuka kukikinga, na upanga wa Genichiro unashuka juu ya mkono uleule. Watengenezaji wametuandikia waziwazi: pigana vibaya au pigana vizuri, mkono unakwenda. Kisha shinobi anazinduka kwenye hekalu bovu, mchongaji mzee amemfungia mkono wa bandia, na ndani ya mkono huo mnaingia moto, shoka, fataki na vyuma vya kurusha. Nusu ya mambo ambayo vijana wetu wanayapenda katika mchezo ule yamezaliwa na kidonda kile. Baadaye, juu kabisa ya ngome, anakutana na Genichiro tena, na safari hii akimshinda, ushindi unabaki wake. Anayesema shinobi ni mtu wa bure amefunga kitabu kwenye ukurasa wa kwanza.

Mega Man X ya Capcom ilikwisha kufanya jambo hili mwaka 1993, kwa lugha nyepesi zaidi. Mwisho wa barabara ya kwanza, X anakutana na Vile aliyepanda chombo cha chuma. Risasi zake hazifanyi kitu. Anapigwa mpaka inabaki damu kidogo tu, kisha anakamatwa na kuinuliwa juu. Zero anatokea, anavunja mkono wa chombo kile kwa risasi moja, na kumweleza X kwamba atakua na kuwa na nguvu kuliko sasa. Pambano lile ni somo la kwanza la mchezo mzima: huu ndio umbali kati yako na unakotakiwa kufika. Mtoto wa miaka kumi analielewa. Ni kaka yake mkubwa, aliyekwisha kuzoea kuhesabu mabao, ndiye asiyelielewa.

Hiyo ni michezo ambamo kushindwa kunakuja mwanzoni na ushindi unafuata. Wanaobishana nami huikubali upesi, halafu husema: haya, lakini vipi yule anayekufa mwishoni na asirudi? Ni swali zuri, na ndiyo sababu Halo: Reach ya mwaka 2010 inastahili kukaliwa kwa muda.

Mtu aliyeununua mchezo ule alijua kabla ya kuuwasha kwamba sayari ya Reach itaanguka. Ilikwisha kusemwa katika Halo ya kwanza, mwaka 2001, ambayo inaanza na meli ya Pillar of Autumn ikikimbia kutoka huko. Hivyo askari wa kikosi cha Noble hawakuwahi kuwa na mchezo wa kuiokoa sayari. Karibu wote wanakufa, mmoja baada ya mwingine. Vitani anabaki Six, yule anayeendeshwa na mchezaji. Anamkabidhi Kapteni Keyes mzigo wenye Cortana, akili bandia, ndani yake, kisha anakataa kupanda, kwa sababu bila mtu kwenye bunduki kubwa ya ardhini meli ya adui itaizuia Pillar of Autumn kuondoka. Anaiangusha meli ile. Pillar of Autumn inaondoka. Majina ya watengenezaji yanapita, na mchezaji anadhani amemaliza. Kumbe anarudishwa uwanjani, peke yake, na agizo moja tu kwenye kioo: baki hai. Maadui hawaishi. Kofia inapasuka. Unaweza kusimama dakika mbili au ishirini, mwisho ni uleule.

Nimewasikia vijana wakicheka mwisho huo. Naomba wafikiri. Kazi ya Six ilikuwa nini? Kuhakikisha mzigo unaondoka. Uliondoka. Michezo yote ya Halo iliyotangulia kutengenezwa, ile ambamo shujaa wake, Master Chief, anashangiliwa, imesimama juu ya dakika ile ambayo Six alibaki chini. Ukimwita Six mshindwa, lazima uniambie Master Chief angeanzia wapi.

Vivyo hivyo Aerith wa Final Fantasy VII, mwaka 1997. Kifo chake kimewaliza watu kote duniani, na kwa miaka mingi zilizagaa tetesi za mbinu za siri za kumfufua, kana kwamba ni mlango ambao wachezaji hawajauona. Mlango haupo. Aerith alikwenda peke yake kwenye mji wa kale uliosahauliwa, akapiga magoti, akaomba Holy, nguvu pekee iliyoweza kuizuia Meteor isiiangamize dunia. Upanga wa Sephiroth ulipomshukia, dua ilikuwa imekwisha kutoka. Aliuawa akiwa amemaliza alichokwenda kukifanya. Anayesoma kifo chake kama kushindwa kwake amechukua kazi ya muuaji akaibandika jina la aliyeuawa.

Nitapita haraka kwa sajenti Jackson wa Call of Duty 4, mwaka 2007, ambaye helikopta yao ilirudi kumchukua rubani aliyeangushwa, na kwa sababu ya kurudi huko mlipuko wa nyuklia ukawakuta. Mchezaji anapewa dakika chache za kutambaa katika vumbi, halafu basi. Wapo wanaosema wangemwacha rubani. Waseme hivyo mbele ya mama yake.

Sasa nije kwenye hoja za upande wa pili, maana zipo za kweli.

Ya kwanza: "Hii muchezo inaiba." Mara nyingine kweli inaiba. Ipo michezo ambayo shujaa ameua watu mia kwa mikono yake, halafu inaanza filamu fupi, na katika filamu hiyo mtu mmoja mwenye bastola ndogo anamwambia ainue mikono, naye anainua. Ipo ambayo umempiga adui hadi amelala, kisha filamu inaonesha wewe ndiye uliyepiga magoti. Hapo mchezaji ana haki ya kutupa maneti. Lakini hasira hiyo impelekee nani? Mwandishi hakujua kuupeleka mkasa wake mahali alipotaka, akaamua kumfanya mhusika mjinga kwa dakika tatu. Hiyo ni aibu ya mwandishi, na aibebe yeye. Sekiro haikufanya hivyo: hata kwa aliyeshinda, ilitengeneza sababu, mtu aliyejificha na chuma kilichorushwa. Ukipenda au usipende, kazi ilifanywa. Ndiyo maana nasema wanaochukia michezo inayoiba wangepaswa kuwa wa kwanza kuungana nami, kwa sababu na wao wanajua kwamba kosa liko kwa mwenye kalamu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na inaitwa Arthur Morgan. Katika Red Dead Redemption 2, ya mwaka 2018, Arthur anatumwa kumdai mkulima mgonjwa, Thomas Downes, pesa za mkopo. Anampiga. Mkulima anakohoa damu usoni kwake, na kifua kikuu kinachomdhoofisha Arthur hadi mwisho kimetoka pale. Mchezaji hawezi kukataa kazi ile, imeandikwa. Je, hapa pia nitasema Arthur hana lawama?

Hapana. Hapa lazima tuwatenganishe watu wawili ambao benchi letu linawachanganya kila siku: anayeshika maneti na anayetembea kwenye kioo. Mchezaji hakuwa na njia nyingine. Arthur, ndani ya dunia yake, alikuwa nayo: angeweza kumwambia Strauss, mwenye kukopesha, kwamba hampigi mgonjwa. Hakusema. Kosa hilo ni lake, na mchezo haumfichi; unampeleka tena na tena mbele ya mjane na mtoto wa yule mkulima. Kwa hiyo sidai kwamba kila anayeanguka ni mtakatifu. Kifo kilichoandikwa hakimsafishi mtu. Lakini tazama pia jinsi kosa lake linavyopimwa: kwa alichokifanya alipokuwa na nguvu ya kuchagua. Kukohoa na kudhoofika kwa sura za mwisho si sehemu ya hati ya mashtaka. Na baada ya kujua kwamba atakufa, mchezaji anapewa nafasi kubwa: kuwasaidia au kutowasaidia wale aliowaumiza, kumtoa au kutomtoa mwenzake John Marston katika hasira za genge kwa moyo mweupe. Mwisho umefungwa, mwenendo haujafungwa. Huko ndiko pa kumhukumia mtu.

Hilo silo fundisho la Wamarekani wala Wajapani. Lugha hii tunayoisema imekuwa nalo kwa karne nyingi. Fumo Liyongo wa pwani hakuuliwa na mshale wala jeshi. Aliuliwa na mwanawe mwenyewe, aliyehongwa na mfalme wa Pate, kwa msumari wa shaba kitovuni, mahali pekee ambapo mwili wake uliweza kufa. Hakuna mtu wa pwani anayesema Liyongo alishindwa. Wanasimulia kwamba baada ya kuchomwa alichukua upinde wake akaenda karibu na kisima, akapiga goti, akauvuta, akafa hivyo. Na watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Mwana aliyeshinda hakupata hata mke aliyeahidiwa. Wasimulizi waliopitisha kisa hicho walijua vizuri nani alishindwa na nani hakushindwa.

Na vijana wa Kameruni walijua. Kampuni ya Kiro'o ya Yaoundé ilitoa Aurion mwaka 2016, mchezo ambao mwanamfalme Enzo Kori-Odan ananyang'anywa kiti siku ileile ya kutawazwa, na shemeji yake. Yeye na mkewe Erine wanafukuzwa Zama. Hakuna maneti ya kuizuia siku hiyo. Timu ile ingeweza kuanza na ushindi. Ilichagua kuanza na mapinduzi, kwa sababu mtu wa bara hili anajua kuwa hadithi nyingi za kweli huanzia pale.

Nasi wa Lubumbashi tulijua kabla ya michezo hiyo yote. Miaka ya 1970 kuta za sebule za mji huu zilikuwa zimejaa picha za wachoraji wetu, na moja ya picha zilizopendwa zaidi ilikuwa ile ya Koloni la Ubelgiji: wafungwa, askari, fimbo, mtu amelazwa chini anapigwa. Watu walizinunua kwa pesa zao wakazitundika mahali ambapo mgeni huketishwa. Tshibumba Kanda Matulu, mmoja wa wachoraji hao, alichora historia nzima ya nchi kwa picha zaidi ya mia moja, na humo amewalaza Lumumba na wenzake wawili, Mpolo na Okito, chini, damu ikitoka, na nyuma yao misalaba mitatu. Huyo ni mtu wa mji huu akimchora Lumumba aliyeuawa nje ya mji huu. Hakumchora kama mshindwa.

Na angemchoraje hivyo? Ndege iliyowaleta ilipotua Luano tarehe 17 Januari 1961, hapakuwa na neno ambalo Lumumba angeweza kulisema likabadili usiku ule. Waliompokea walikwisha kuamua, na waliompeleka walikwisha kujua anapelekwa kwa nani. Ilichukua miaka arobaini, lakini mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri na watu wengine wa nchi yao walikuwa na wajibu wa kimaadili katika mauaji yale, na mwaka uliofuata serikali yao ikaomba radhi. Swali lilielekezwa lilikopaswa kuelekezwa, kwa walioandika. Aliyelazwa chini kwenye picha ya Tshibumba hakuitwa kujieleza.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa hiyo nitalisema bila kuzunguka. Vijana walewale ambao wangekupiga ukimwita Lumumba mtu wa bure, wana baba zao nyumbani, na baba hao wanawaita watu wa bure.

Wanazungumza juu ya wazee wa Gécamines, kampuni ya migodi. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ile ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mfanyakazi wake alipata nyumba, unga, hospitali na shule ya watoto, na tangu siku za Union Minière iliyoitangulia watu walisema kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Kisha fedha zikachotwa na utawala wa Mobutu mpaka mitambo ikakosa vipuri. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Ukaja uporaji wa 1991. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya wafanyakazi wenye asili ya Kasai walifukuzwa wao na familia zao, wakalala stesheni wakingoja treni. Mwaka 1994 shaba iliyotoka haikufika tani 40,000. Mishahara ikachelewa miezi, halafu miezi mingi. Mwisho, mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, ukaletwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakatia saini, wakapokea kiasi cha mara moja, wakarudi nyumbani.

Kwa hiari! Mtu ambaye hajalipwa muda mrefu kiasi hicho anawekewa karatasi mbele yake. Akisaini anapata kitu kidogo leo. Asiposaini anaendelea kufanya kazi bila mshahara kwenye kampuni ambayo wakubwa wamekwisha kuamua kuipunguza. Hilo ni pambano la Genichiro chini ya mwezi: pigana vizuri au pigana vibaya, mkono unakwenda.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina linalowataja wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni. Lakini majumbani mwetu lawama ilihama. Kampuni iliyowaacha ikasahauliwa, na mzee aliyeachwa akageuzwa kuwa ndiye aliyeacha. Nimeyasikia maneno hayo zaidi ya nilivyotaka: alipewa pesa akazila, angenunua teksi, rafiki yake alifungua depo na sasa ana nyumba mbili. Najua wapo waliokunywa pesa zile, na hao wamo pamoja na Arthur Morgan, wahukumiwe kwa chaguo lao. Lakini elfu kumi kwa mara moja, katika miji ambayo wateja wake wote walikuwa ni wafanyakazi haohao wasiolipwa? Teksi ile ingempakia nani?

Mama waliokwenda kulima pembezoni mwa mji na kuuza mkaa na mboga, baba waliokubali kuwa walinzi wa usiku kwenye majumba ya watu wadogo kuliko watoto wao ili mtoto mmoja amalize shule: kwa kipimo cha benchi, wote hao kila saa wanapigwa tu. Kwa kipimo ninachokitetea mimi, wengi wao walifanya alichofanya Six kwenye bunduki ile. Mzigo uliondoka. Wewe uliyeshika maneti, unayesoma Kifaransa kwenye kioo bila kusaidiwa, ndiwe mzigo wenyewe.

Basi ukimaliza kucheza leo, nenda ukamwulize mzee wako aliishi vipi miezi ile bila mshahara: alikula nini, alikataa nini, aliuza nini, na ada yako aliipata wapi. Usimwulize kwa nini alisaini. Swali la saini lipeleke Kinshasa na Washington, kwa walioandika karatasi ile, wakachagua mwaka wake na kiasi chake, na ambao majina yao hayajawahi kutajwa hata mara moja kwenye benchi lile tunapowahesabu walioshindwa.